Kutoka simbi mpaka bidoni: historia ya pambo la maji, kabla ya kura yetu



Katika mkutano mkuu unaokuja kuna swali moja ambalo komite haikutaka kulikata peke yake. Wamama wa kikundi cha shanga wanaomba mfuko wa chama uwanunulie uzi, shanga, gundi na vanishi, waweze kutengeneza mikufu na bikomo kwa wingi. Mfano wanaoufuata ni maji: tone, mvua, wimbi la ziwa. Wanamemba wengine wanakataa, na sababu yao ni nzito. Muzee mmoja aliiweka hivi: "Maji yenyewe hapa hatuna. Tutavaa maji shingoni, na batoto beko nabeba bidoni tangu asubuhi?"

Niliombwa niandike, kabla ya kura, kazi hii imetoka wapi. Wengi wetu tunadhani ni kitu cha juzi, kitu kilichokuja na semina za mashirika na soda ya saa sita. Sivyo. Katika inchi zetu za maziwa, pambo na maji vimetembea pamoja kwa karne nyingi, na mara nyingi pambo lilikuwa feza kamili, lenye kununua mbuzi na maharagi. Kujua hayo hakutatuambia tupige kura namna gani, lakini kutatusaidia kuuliza maswali yanayofaa.

Inchi isiyo na mto

Tuanze na maji yenyewe, kwa sababu wafadhili wengi hawajafika huku. Kibumba ni grupema ya cheferi ya Bukumu, teritware ya Nyiragongo, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma kwenda Rutshuru. Upande mmoja unaona Nyiragongo, upande mwingine Mikeno, na mpaka wa Rwanda uko karibu. Mvua inanyesha sana. Kabichi, viazi, karoti na maharagi yanayouzwa mjini Goma, sehemu kubwa yanatoka kwenye udongo huu. Lakini mto hakuna. Chini ya udongo kuko mawe ya volkano yenye matundu kama sponji. Mvua ikianguka, inazama moja kwa moja, mpaka inatokea mbali kule pembeni ya ziwa. Basi maji ya Kibumba ni ya namna mbili tu: yale yanayokingwa kwenye bati, na yale yanayobebwa.

Dunia ilijifunza jambo hilo kwa ubaya mwezi wa Julai 1994, wakati watu zaidi ya 500,000 walipovuka kutoka Rwanda kuingia Goma katika siku chache. Kambi mojawapo kubwa iliwekwa hapa kwetu, watu zaidi ya 100,000 juu ya mawe makavu. Maji yalipaswa kuletwa na malori. Kolera na kuhara damu viliwapata watu kabla ya malori kutosha. Katika mwezi wa kwanza, kwenye kambi zote za Goma, walikufa karibu watu 50,000, na mawe yalikuwa magumu hata makaburi yalishindikana kuchimbwa. Kambi ile ilivunjwa na vita mwishoni mwa Oktoba 1996.

Halafu ikafika zamu yetu wenyewe. Mwaka wa 2012 wengi walikimbilia Kanyaruchinya, na vita ilitulia hapa kwetu mwishoni mwa 2013. Novemba 2022 tukateremka tena barabara ile ile, mpaka Kanyaruchinya pale pale, na Desemba ya mwaka ule kolera ikatangazwa katika eneo la afya la Nyiragongo. Baada ya vita kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi ziliondolewa mwezi wa Februari, na tukapanda kurudi kwenye nyumba zisizo na bati na mashamba yaliyomezwa na majani.

Nimeeleza hivi kwa kirefu ili mgeni aelewe: mtu wa Kibumba akisema "maji", picha inayomjia si ya ufukwe wa bahari. Ni ya foleni.

Pambo lililotoka majini

Sasa turudi nyuma, mbali sana.

Kusini ya Kongo, kwenye bonde la Upemba ambako Lualaba inapita katika maziwa mengi, kuko mahali panaitwa Sanga, pembeni ya Ziwa Kisale. Wataalamu walichimba pale mwaka wa 1957 na 1958 wakakuta makaburi mengi ya watu wa ziwa. Watu wale walikuwa wavuvi na wafuaji. Wafu wao walizikwa na vyungu, na pia na pambo: bikomo vya shaba, mikufu, mikanda, na shanga. Makaburi mengi ya namna hiyo ni ya kati ya karne ya 11 na ya 13. Na katika baadhi yake kulikuwa simbi, zile kauri ndogo nyeupe zinazotoka Bahari ya Hindi. Fikirini safari hiyo. Kitu cha baharini kimepita mikono mingi, mwezi kwa mwezi, soko kwa soko, mpaka kwenye shingo ya mtu asiyewahi kuona bahari.

Huko pwani kwenyewe, watu walikuwa wakitengeneza shanga kwa maganda ya chaza tangu zamani kabisa. Kwenye magofu ya mji wa Shanga, kisiwani Pate, na miji mingine ya zamani ya pwani, wachimbaji wamekuta vigae vya chungu vyenye mifereji membamba. Vigae hivyo vilikuwa chombo cha kazi. Fundi alivunja ganda, akalitoboa, akapanga vipande kwenye uzi, kisha akavisugua ndani ya ule mfereji mpaka vyote vikawa duara na sawasawa. Hakuna mashine hapo. Kuna kigae, mchanga, maji na subira.

Upande wa magharibi wa inchi yetu, ufalme wa Kongo ulikuwa na feza yake iliyoitwa nzimbu. Ilikuwa ni koa ndogo ya baharini, ikivuliwa kwenye kisiwa cha Luanda. Wamama ndio walioingia majini, wakajaza vikapu, wakapepeta mchanga, wakachagua. Kisiwa kile kilikuwa mali ya mfalme mwenyewe, kama vile leo Benki Kuu inavyoshika mashine ya noti. Tukumbuke tu kwamba mkono wa kwanza kushika feza ile ulikuwa mkono wa mama aliyelowa.

Karibu na sisi zaidi, Buganda, simbi zilitobolewa, zikatungwa kwenye kamba, zikahesabiwa sokoni. Mpaka leo Muganda akitaja pesa anasema "ensimbi". Neno limebaki, ganda limeondoka. Katika Kinyarwanda pia "isimbi" ni kitu cha thamani na ni jina zuri la kumpa mtoto wa kike. Na Waswahili wa pwani ganda lile wanaliita kete, na ndizo wanazochezea bao. Jina moja hapa ni feza, kule ni pambo, kwingine ni mchezo.

Butega, bikomo vilivyovuka ziwa

Lakini mfano ulio wetu zaidi haukutoka baharini. Ulivuka Ziwa Kivu.

Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 2,700, na kina kinafika mita 485. Kwa mtu anayeangalia ramani ya leo ni mpaka kati ya inchi mbili. Kwa watu wa karne ya 19 lilikuwa barabara. Kwenye milima na misitu ya magharibi ya ziwa walikaa Watembo. Walikuwa wakisuka vikuku vyembamba vya nyuzi za mimea ya msituni, vilivyoitwa butega. Kimoja peke yake hakina uzito. Upepo unaweza kukibeba. Lakini vilifungwa kwa mafungu, na fungu lilikuwa na bei inayojulikana.

Butega ziliteremka kutoka kwa Watembo mpaka kwa Wahavu wa pwani ya ziwa, na watu wa kisiwa cha Ijwi wakazivusha kwa mitumbwi mpaka ng'ambo, Rwanda. Huko wanawake walizivaa miguuni, juu ya kifundo, moja juu ya nyingine. Mama wa jamaa kubwa aliweza kuvaa nyingi sana, mpaka mwendo wake ukawa wa polepole, na mwendo ule wa polepole ukawa wenyewe alama ya heshima. Kutoka ng'ambo, mitumbwi ilirudi na vyakula na mifugo. Mtu aliyekuwa na butega alikuwa na njia ya kufikia mbuzi, na mwenye mbuzi za kutosha alikuwa na njia ya kufikia ng'ombe.

Tuangalie vizuri namna biashara hiyo ilivyokaa, kwa sababu hapo ndipo kuna somo.

Kwanza, vifaa havikununuliwa mbali. Nyuzi zilikuwa msituni. Gharama ilikuwa mikono na muda. Pili, mvaaji hakuwa mtu wa kuhurumia. Mwanamke wa ng'ambo alinunua butega kwa sababu alizitaka mguuni mwake, si kwa sababu Watembo walikuwa maskini. Tatu, hesabu ilijulikana na pande zote. Hakuna aliyengoja aambiwe na mgeni kazi yake ina thamani gani. Na nne, ziwa lilikuwa ndani ya bei. Bila maji ya kuvuka na watu wa Ijwi wenye mitumbwi, butega zingebaki nyuzi za msituni tu. Pambo lile halikuchora maji, lilitegemea maji.

Mjerumani von Götzen alipofika kwenye ziwa mwaka wa 1894, akiwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kulifikia, alikuta barabara hiyo ya maji iko kazini tayari.

Shanga za kioo na hasara ya rangi

Wakati ule ule, kutoka pwani ya mashariki, misafara ilileta shanga za kioo. Nyingi zilifuliwa Venice na Bohemia, zikapita Zanzibar, zikabebwa kichwani miezi mingi mpaka Tabora na Ujiji. Sokoni Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, shanga ndizo zilizokuwa feza. Cameron, aliyefika pale mwaka wa 1874, alieleza shanga zilizoitwa sofi, zinazofanana na vipande vya mrija wa kiko. Asubuhi soko likifunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi walizibadilisha kwa bidhaa nyingine ili wanunuzi wapate chenji. Jioni soko likifungwa, walizipokea tena. Yaani kulikuwa wabadilishaji wa feza pale, kama wale tunaowaona leo Birere na meza zao na noti zao zilizofungwa kwa mpira.

Burton, aliyefika Ujiji mwaka wa 1858, aliorodhesha majina mengi ya shanga. Nyekundu ndogo ziliitwa sami-sami, na zilitakiwa sana. Lakini wote waliosafiri njia ile waliandika onyo moja: kila inchi ina rangi yake. Shanga iliyopendwa huku, siku chache mbele haikubadilishwa hata kwa kuku. Na rangi iliyopendwa mwaka huu, mwaka ujao ilikuwa imekwisha. Tajiri aliyenunua Zanzibar bila kuuliza alibaki na mizigo ya kioo ambayo hata kuibeba ilikuwa hasara. Wanyamulizi walikula mshahara, na shanga zikabaki kwenye gunia.

Hapo wamama wetu wasikilize, na komite isikilize zaidi. Mtu wa zamani mwenye misafara na bunduki alifilisika kwa kutouliza wanunuzi wanataka rangi gani. Sisi wenye gunia moja tuulize mara mbili.

Feza ilipoondoka mguuni

Mkataba wa mwaka wa 1910 ulikata mpaka kati ya Wajerumani na Wabelgiji. Ijwi ikawa upande wa Kongo, na ziwa likaanza kuwa mpaka. Mwaka ule ule serikali ya Wabelgiji iliweka kodi ya kichwa inayolipwa kwa feza ya serikali. Kodi haikupokelewa kwa butega, wala kwa simbi. Uganda nako, mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza waliacha kuzipokea simbi.

Haikuwa sheria peke yake. Simbi zilikuwa zimeletwa nyingi mno kutoka pwani, na kitu kikijaa thamani inashuka. Hilo tunalijua wenyewe kwa kabichi ya mwezi wa mavuno. Lakini matokeo yalikuwa makubwa. Feza ilihama kutoka mwilini kwenda mfukoni. Tangu hapo pambo likawa pambo tu, jambo la wanawake, jambo la arusi, kitu ambacho mtu mzima anaweza kukidharau mbele ya mkutano.

Na bado katika vita desturi ya zamani imerudi kwa kificho. Tuulizane: siku ile ya kukimbia, nani aliondoka na shamba lake? Nani alibeba nyumba? Mbuzi zilibaki, akiba ya maharagi ilibaki. Kitu kilichofika Kanyaruchinya ni kile kilichokuwa mwilini. Wengi humu tunajua mama aliyeuza hereni zake wiki ya kwanza ya kambi ili anunue unga na bidoni. Hereni zile zilikuwa benki yake, na benki ilifunguliwa siku ambayo nyingine zote zilikuwa mbali.

Karatasi za Kampala

Kuna historia moja ya karibu ambayo inafanana na yetu. Vita ya kaskazini ya Uganda iliwasukuma Waacholi wengi mpaka Kampala, wakakaa kwenye kilima kimoja cha Kireka ambacho watu walikiita Acholi Quarter. Wanawake wengi walipata kazi ya kuponda mawe kwenye machimbo: nyundo, jua, na malipo madogo kwa kila debe. Wengine wakaanza kutengeneza shanga za karatasi.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na ngumu kufanya vizuri. Unachukua karatasi ya rangi, ya kalenda au ya tangazo. Unaikata pembetatu ndefu. Unaanza kuviringa kwenye sindano kutoka upande mpana, unabana, unaweka gundi kwenye ncha. Pembetatu ikiwa sawa pande zote mbili, ushanga unakuwa mnene katikati na mwembamba kwenye ncha. Ikiwa upande mmoja umenyooka, ushanga unatoka mnene chini na mwembamba juu, sawa na tone. Wamama wetu hufanya huo wa pili; ndio unaoitwa "mvua" katika kikundi. Kisha unatunga, unachovya kwenye vanishi, unaanika, unarudia. Usiporudia, siku ya kwanza ya jasho au mvua mkufu unalainika na karatasi inafunguka. Ni ajabu kidogo: pambo la tone la maji linaogopa maji kuliko kitu chochote.

Mwaka wa 2004 kulianzishwa shirika la BeadforLife, Wamarekani wakishirikiana na wanawake wa Kampala, na mikufu ile ikauzwa Marekani, hata kwenye mikutano ya marafiki majumbani. Wanawake wengi walipata feza ya kweli. Baadaye shirika lenyewe liligeuza nguvu zake kuelekea mafunzo ya biashara ndogondogo. Sitaki kuwalaumu wala kuwasifu. Nataka tuone tu kwamba soko la mbali ni kama maji ya lori: ni mema sana siku yanapokuja, na siku lori halikuja huna pa kuuliza. Butega zilidumu muda mrefu kwa sababu wavaaji walikuwa ng'ambo ya ziwa, si ng'ambo ya dunia.

Maji yetu yana rangi gani?

Nilipoangalia kazi ya kikundi, nilikuta mikufu ya buluu mingi. Niliuliza kwa nini. Jibu lilikuwa: "Wageni wanasema maji ni bule." Mama mwingine akacheka, akaongeza: "Hapa yetu iko jaune, sawa bidoni."

Maneno yale yalinikaa kichwani kuliko hotuba nyingi. Kweli, mtoto wa Kibumba ukimwambia achore maji, anachora bidoni ya manjano. Rangi nyingine za maji yetu ni kijivu ya wingu linaloteremka kutoka Mikeno, nyeusi ya jiwe linaloyameza, na rangi ya kutu ya bati kuukuu. Tayari mmoja wao ametengeneza mkufu wa shanga nyeusi ndogondogo, na kila baada ya ishirini kuna moja ya manjano. Ishirini, kwa sababu bidoni ni lita 20. Hakuandika maelezo yoyote. Mtu wa hapa akiuona anaujua. Mgeni atauliza, na akiuliza, ataambiwa. Kwangu mimi huo ndio mfano wa maji unaostahili jina letu. Buluu inaweza kutengenezwa popote duniani.

Siandiki hivi kukataza buluu. Mwenye arusi Goma akitaka buluu, apewe buluu, na alipe bei ya buluu. Historia ya shanga za kioo imetufundisha kumsikiliza mnunuzi. Lakini kumsikiliza mnunuzi ni kitu kimoja, na kujisahau ni kingine.

Maswali ya kupeleka kwenye mkutano

Sasa turudi kwa neno la yule muzee. Ana haki katika jambo moja ambalo watetezi wa shanga hawalisemi: kazi hii inakula masaa. Mama anayeamka kutafuta maji na kurudi saa nne hana asubuhi tena. Huwezi kumpa shanga bila kumpa muda, na muda wake umefungwa ndani ya bidoni. Kwa hiyo nadhani tumeuliza swali vibaya. Tulisema shanga au tanki. Lakini tanki moja na bati na mfereji wake kwenye nyumba ya kikundi vingewarudishia wamama asubuhi zao, na asubuhi hizo ndizo mtaji wa kwanza wa kazi, kabla ya uzi na gundi. Watembo walikuwa na msitu karibu na muda wa kusuka. Ondoa kimoja, butega hakuna.

Kwa hiyo napendekeza mkutano uulize kikundi mambo haya, na kikundi kijibu mbele ya wote:

Nani hapa hapa atavaa? Arusi, ubatizo, sikukuu za Kibumba, Kibati na Goma zinaweza kununua kiasi gani kabla hatujahesabu mgeni hata mmoja?

Bei inapangwa na nani? Waweke mezani hesabu ya vifaa, masaa na usafiri, ili mwanamemba yeyote aweze kuirudia.

Vifaa gani viko hapa bila kununuliwa? Karatasi ya kalenda iko, na jiwe jepesi la volkano liko mpaka mlangoni. Lijaribiwe kama linakubali kutobolewa na kung'arishwa.

Vita ikirudi, Mungu atuepushe, nini kinabebeka? Sindano na uzi vinaingia kwenye mfuko wa nguo. Ufundi hauhitaji hata mfuko.

Na kwa ninyi wafadhili, ombi moja tu. Mkinunua mkufu wa Kibumba, ununueni kwa sababu ni mzuri na bei yake ni ya haki. Ukiwa na kasoro, urudisheni na mseme kasoro ni ipi. Mwanamke wa Rwanda wa zamani alikataa butega zilizosukwa vibaya, na kwa kukataa kwake msukaji alijua kesho afanye nini. Huruma inanunua mara moja. Mvaaji anarudi.

Komite inawaomba wanamemba wote wafike, pia wale waliobaki Goma. Wamama wa kikundi wataleta kazi yao kwenye meza, mikufu ya buluu na ule wa bidoni, na daftari la hesabu. Yule muzee ameshasema atakuja na swali lake, na amewekewa nafasi ya kwanza kuongea.